Nafasi ya Tatu

Wakili alikuwa amekwisha amua kusema uongo, na hata sura ya kuusemea alikuwa ameiandaa.

Kwa kweli hakuwa wakili bado. Alikuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho, ila jina hilo alipewa na baba yake angali mdogo, meno ya mbele hayajaota, kwa sababu kila alipotumwa dukani alidai kwanza aelezwe kwa nini yeye na si kaka yake. Nyumba ikalishika, mtaa ukalishika, na alipoingia chuo kikuu kusoma sheria hakuna aliyeshangaa.

Nafasi za utumishi wa umma zilimjia zote wiki moja. Alikuwa ameomba huku na huku kama wenzake wote darasani, wakijaza maombi maktabani hadi wanafukuzwa, kila mmoja akiapa kwamba atakubali popote. Popote ni rahisi kukubali ukiwa huna pa kwenda. Ya kwanza ilitoka wizara ya sheria, makao makuu ya nchi, programu ya vijana wachache wanaoteuliwa kila mwaka na kukaa miaka miwili karibu na wakubwa. Ya pili ilitoka idara ya sheria ya halmashauri ya jiji, hapahapa, mwendo wa basi moja kutoka nyumbani. Hizo mbili aliwaambia wazazi wake, na mama akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Ya tatu hakuwaambia.

Ya tatu ilikuwa ya mwaka mmoja, kwenye dawati la msaada wa kisheria katika mahakama ya mji mdogo wa mlimani, safari ya siku nzima. Wakili aliwahi kwenda huko na wenzake wa chuo kujifunza kwa vitendo. Chumba chao kilikuwa na meza moja na dirisha lisilofungika vizuri, na watu walianza kujipanga nje kabla jua halijapata nguvu. Siku ya kwanza alimwona mwanamke mmoja, muuza mikate, amekaa kwenye benchi la ukumbini na mtoto mgongoni. Alikuwa amekuja kudai matumizi ya mtoto kwa baba yake, na kila alipokuja alikaa kwenye benchi lilelile mpaka mahakama ikafungwa, akidhani ataitwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba lile benchi ni la kesi za ardhi. Wakili alimshika mkono, akamwingiza mlango unaohusika, akakaa naye mpaka shauri lake likasajiliwa. Walipotoka, yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema kumbe siku zote alikuwa anasubiri basi kwenye kituo cha wengine.

Wakili hakuwahi kuisahau ile sauti ya kicheko. Lakini ule mji ulikuwa mbali, na hapa jijini kulikuwa na mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa daktari wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya jiji, kijana mrefu, mpole, aliyehitimu juzijuzi na ambaye bado alikuwa katika mwaka wake wa mafunzo kazini. Walikutana kwa ugomvi. Baba yake Wakili, dereva wa garimoshi aliyestaafu, alikuwa amepasuliwa goti, na siku ya kwanza ya mazoezi alipiga makelele kama anachinjwa. Wakili aliingia ukumbi wa mazoezi amefura, akamwuliza yule kijana ni nani aliyempa ruhusa ya kumtesa mtu mzima. Kijana hakupandisha sauti wala hakujitetea.

"Njoo ushike hapa," alimwambia. "Chini ya kisigino. Sasa inua, taratibu. Unasikia linavyogoma? Tukilionea huruma leo, litakaa hivihivi maisha yake yote."

Akashika. Mikono yao ikakutana chini ya mguu wa mzee. Wakili aliinua macho, akakuta ya mwenzake yanamngoja, na swali alilokuwa amelipanga kuuliza likampotea, likaenda zake, na mpaka leo hajui lilikuwa swali gani.

Mzee alimbatiza kijana jina la Mtesaji, akampenda papo hapo. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani aligoma kwenda hospitali kwa mazoezi, akataka Mtesaji amfuate, na Mtesaji, ambaye alikuwa na sababu zake, akawa anapita kila Jumamosi alasiri. Mbele ya wazee waliitana daktari na dada. Nje ya pale walikuwa na kibaraza nyuma ya maabara ya hospitali, na simu zisizokwisha, na namna ya kuagana iliyochukua muda mrefu kuliko kukutana. Siku moja kwenye kile kibaraza Wakili alimsimulia habari za muuza mikate, na za nafasi ya tatu, akazisimulia kama mzaha. Kisha akasema hiyo bila shaka hataichukua. Mtesaji alimtazama, kisha akamsogezea chai yake, iliyokuwa imekwisha poa.

Uongo alioupanga Wakili ulikuwa huu: atawaambia wazazi wake kwamba anachagua halmashauri ya jiji kwa sababu anataka kuwa karibu na mama.

*

Jumamosi ile shangazi naye alikuja. Shangazi alikuwa mwalimu mkuu, dada mkubwa wa mzee, na hata nyumbani alizungumza kama anahutubia watoto waliopanga mistari. Alikuta kaka yake amelala chali juu ya mkeka sebuleni, taulo limeviringishwa chini ya goti, na Mtesaji amepiga magoti pembeni, mkono mmoja kwenye paja, mwingine kwenye kifundo cha mguu. Mama Wakili alikuwa chumba cha pili kwenye cherehani yake, akishona sare za shule, mlango wazi ili asipitwe na neno. Wakili alimwamkia shangazi, akampa kiti, akaleta chai, kisha akakaa kwenye kochi mahali ambapo angeweza kumwona Mtesaji bila kuonekana anamtazama. Ufundi huo walikuwa wameusomea wote wawili.

Mzee akafungua kikao akiwa vilevile chali. Alisema jibu linatakiwa Jumatatu, basi leo mambo yaishe. Yeye kwa upande wake alitaka wizara. Alieleza jinsi alivyotumia ujana wake wote kwenye joto la injini na vumbi la reli, na kwamba kama mtu anafunguliwa mlango wa jengo kubwa, hasimami nje kufikiri. Shangazi akaunga mkono kwa maneno mengi zaidi. Alikuwa amekwisha watangazia walimu wake kwamba mpwa wake anakwenda wizarani, na hakuona atarudi vipi kuwaambia vingine. Kutoka chumba cha pili cherehani ilinyamaza, mama akasema kwa sauti ya kawaida kwamba makao makuu ni mbali, miaka miwili ni mingi, na halmashauri nayo ni kazi ya serikali vilevile. Cherehani ikaendelea.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" mzee akauliza.

Wakili akavaa ile sura. Alisema ameamua kubaki. Mama hana mtu wa kumsaidia, baba bado hajapona vizuri, na halmashauri ina kesi za kutosha za kujifunzia. Alisema yote hayo kwa mpangilio, kama alivyofundishwa chuoni, na alipomaliza aliona kwamba hakuna hata mmoja aliyemwamini. Mzee alikuwa amegeuza shingo, akimkodolea macho kama mtu anayesikia injini ikitoa mlio usio wake.

"Wewe ulinibishia wiki nzima kuhusu rangi ya mlango wa choo," alisema. "Leo jambo la maisha yako unalisema kwa pumzi moja. Haya. Mtesaji, wewe ndiye msomi mwenzake. Na wewe uko mafunzoni serikalini, unajua kazi hizi zilivyo. Angekuwa dada yako ungemshauri nini?"

Wakili alitulia. Moyoni alifurahi hata, kwa sababu alijua jibu. Mtesaji angesema halmashauri ni pazuri, wazee wangesikia neno la mtaalamu, na mambo yangeishia hapo.

Mtesaji aliendelea kulikunja goti, akalinyoosha, macho yake kwenye mguu. "Ningemwambia aende mlimani," alisema.

Cherehani ilisimama.

Mzee alijiinua kwa viwiko, akamtazama kijana, akamtazama binti yake, akarudi kwa kijana.

"Goti langu ndilo bovu," alisema. "Masikio hayana shida. Hapa zimetajwa wizara na halmashauri. Mlimani ndiko wapi?"

Wakili alihisi joto linampanda kutoka shingoni hadi kwenye ncha za masikio.

"Kuna nafasi ya tatu, Mzee," Mtesaji alisema polepole, akijua kila neno linamzamisha. "Mahakama ya kule, msaada wa kisheria. Nilidhani imekwisha tajwa. Niliisikia kwake."

"Kwake wapi? Mimi hapa kila Jumamosi nasikia habari daktari, nzuri dada, mnaishia hapo."

"Kaka," shangazi akasema, akikiweka kikombe chini kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kulipuka, "kwani bado huoni?"

Mzee alikuwa ameona. Mtesaji naye aliona kwamba ameonekana, na Wakili alimwona akivuta pumzi, mabega yakipanda na kushuka chini ya lile shati jeupe ambalo alilijua hadi kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Mzee, binti yako nampenda," alisema. "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia. Nakiri hii siyo niliyoichagua."

"Na umenikamata mguu."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ushushe taratibu, ndipo tuzungumze."

Shangazi alianza kusema juu ya watu wanaoingia nyumba za watu kwa kisingizio cha matibabu, na juu ya wasichana wanaoacha wizara kwa ajili ya koti jeupe, lakini Wakili hakusikia mwisho wake. Alikuwa amesimama. Siri kufichuka hakukumuuma sana. Kilichomchoma ni lile neno mlimani, lilivyotamkwa bila kusita, mbele ya watu, na mtu ambaye kwa ajili yake alikuwa ameupanga uongo mzima. Alipita katikati yao, akaingia chumba cha cherehani, akasimama dirishani akiwapa mgongo wote.

Mama alitoka na mkasi mkononi. Alimkuta Mtesaji amesimama katikati ya sebule kama mtu aliyeteremshwa kituo asichokijua.

"Nenda," akamwambia. "Mlango uache wazi."

*

Chumba kilikuwa kimejaa sare. Zilining'inia ukutani, zimelala juu ya meza, nyingine hazina mikono bado. Mtesaji alisimama kando ya cherehani, hakusogea zaidi.

"Umenifukuza," Wakili alisema bila kugeuka. "Mbele ya baba yangu. Ungeweza kunyamaza tu."

"Ningeweza."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu aliniuliza, na wewe ulikuwa umekaa pale unasubiri nikusaidie kuongopa."

Wakili aligeuka. Alikuwa na machozi, na kilichomkera zaidi ni kwamba yalikuwa yanaonekana. "Nilikuwa nabaki kwa ajili yako. Hulijui hilo?"

"Nalijua. Ndilo lililonikosesha usingizi wiki hii." Alitembeza kidole kwenye ukingo wa meza, akitafuta pa kuanzia. "Ulipopata ile ya halmashauri ulinipigia simu. Ukaniambia mahali ofisi ilipo, basi la kupanda, saa za kazi. Nikakupongeza, ukanishukuru, tukaongea mambo mengine. Ile ya mlimani ulisema ni mzaha. Lakini ulinisimulia kuhusu yule mama wa mikate mpaka chai yako ikapoa, ukasimama kunionyesha benchi lilivyokaa na mlango ulivyokaa, muuguzi akapita akafikiri tunagombana. Hukujiona. Mimi nilikuona."

Wakili alivuta mkono wa sare moja iliyoning'inia karibu naye.

"Sitaki kuwa yule mtu uliyemwachia ile kazi," Mtesaji aliendelea. "Mwaka wa kwanza ungenipenda vizuri tu. Baadaye siku moja tungekaa mezani, ungenitazama, na ningejua unachofikiri. Afadhali unikasirikie leo."

"Na wewe? Utakuja huko?"

"Siwezi. Si sasa. Mwaka wangu haujaisha, nikiuacha katikati nitaanza upya. Sitakudanganya kwamba nitahamia. Nitakuja kukuona kila nikipata mapumziko, na nitakaa kwenye lile basi siku nzima, na nikifika nitakuwa siwezi kunyoosha mgongo. Ni mwaka mmoja, Wakili. Naogopa, kama unataka kujua. Kule kutakuwa na mahakimu vijana, na walimu, na maafisa kilimo wenye pikipiki zao."

Kicheko kilimponyoka Wakili kabla hajakizuia, kikachanganyika na kilio, akalazimika kujifuta uso kwa kitu kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa shati la mtoto wa shule.

"Maafisa kilimo?"

"Nimewafikiria wote."

Mtesaji alikuwa anamtazama kwa namna ile ya hospitalini siku ya kwanza, bila haraka, kama mtu mwenye nafasi ya kutosha kwa ajili yake. Wakili alivuka chumba. Hawakukumbatiana, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na shangazi alikuwa ameinamisha kichwa upande wao, lakini aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Mtesaji, pale juu ya cherehani, akakiacha hapo. Hasira ilikuwa imeyeyuka, na mahali pake pakabaki kitu chepesi, karibu cha kumfanya aimbe. Mtu alikuwa amemjua vizuri kuliko alivyojijua, na bado alikuwa amemwachia njia.

"Shati la watu hilo," Mtesaji alinong'ona.

"Nitalifua."

*

Aliporudi sebuleni alikuwa Wakili mwenyewe, yule wa siku zote. Hakukaa. Aliwaomba radhi kwanza kwa kuficha, akasema hilo ni kosa lake peke yake. Kisha akaeleza nafasi ya tatu. Alieleza habari ya chumba na dirisha, watu wanaojipanga nje, muuza mikate na benchi lake. Alisema wizara ataiheshimu siku zote, na akipata tena bahati huko mbele hataikataa, lakini sheria anayoitaka ni ile ya kumwingiza mtu mlango unaomhusu, na akiwa bado kijana anataka kuijua kutoka pale inapoanzia. Mara mbili shangazi alifungua kinywa, na mara mbili Wakili akamjibu kabla hajauliza. Mtesaji alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imefungwa mgongoni, na furaha aliyojaribu kuificha ilimtoka usoni bila ruhusa.

Mzee alikuwa ameinuliwa, amekaa kitini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Alisema maneno ni mazuri, lakini mji ule aliujua. Alipita hapo maisha yake yote. Kituo kidogo, taa moja, baridi inayoingia mifupani. Hakusomesha mtoto ili akakae kwenye kituo cha taa moja.

Hapo ndipo mama aliposogea. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote na mkasi wake.

"Baba Wakili," alisema, "waambie watoto jinsi walivyotaka kukupa garimoshi la haraka."

Mzee akamwangalia. "Mambo ya zamani hayo."

"Basi nitawaambia mimi." Aliuweka mkasi juu ya meza. "Baba yenu walitaka kumpa lile la haraka, lenye mabehewa mapya, linalotoka jiji hili mpaka makao makuu bila kusimama. Kila dereva alilitaka. Yeye akakataa. Akabaki na lile la kusimama kila kituo, mpaka alipostaafu. Nilimnunia mwezi mzima. Nikamwuliza una nini wewe, watu wanapanda juu, wewe unang'ang'ania chini? Mnajua alinijibu nini?"

"Mama Wakili."

"Aliniambia lile la haraka lina abiria, lakini hili watu wanalisubiri."

Wakili hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alimtazama baba yake, yule mwanamume mkubwa mwenye mikono iliyoungua kwa miaka ya injini, na kwa mara ya kwanza alimwona akiwa kijana, amesimama kwenye jukwaa la reli, anachagua.

"Mimi nilitaka abaki," mama aliendelea, na sauti yake ikalegea. "Nisiseme uongo. Nilikwisha pima hata dirisha la chumba chake nimshonee pazia jipya. Lakini huyu amekurithi wewe, si mimi, na mimi mume wangu sikumjutia."

Mzee alijikuna kidevu. Alitazama sakafu, akatazama goti lake, akawa kama anayetafuta ubishi wa mwisho mfukoni na kukuta mfuko mtupu. Halafu tabasamu lilimwanza pembeni mwa mdomo, dogo, la kuona aibu.

"Kule baridi ni kali," alisema. "Mshonee koti, siyo pazia."

Wakili alimwangukia shingoni kabla hajamaliza. Mzee alilalamika kwamba anaumizwa, lakini mikono yake ilikuwa imemshika binti yake kwa nguvu, na hakuwa na haraka ya kumwachia. Shangazi alifungua mkoba, akatafuta leso, akasema kwamba basi atawaambia walimu wake mpwa amepelekwa mahakamani, wachague wenyewe kuelewa vipi. Kila mtu akacheka, naye akacheka, kwanza kwa kujikaza, kisha kwa kweli.

Jibu lilitumwa palepale. Wakili aliandika kwenye simu, baba yake akavaa miwani kusoma juu ya bega lake, mama akataka lisomwe kwa sauti, shangazi akasahihisha mahali pa nukta. Zile nafasi nyingine mbili akaziandikia kwa heshima kwamba anashukuru. Alipobonyeza ya mwisho alihisi miguu inataka kukimbia, popote, kuzunguka mtaa mzima.

"Sasa wewe," mzee akamgeukia Mtesaji, na sauti yake ikawa ya dereva anayeita abiria waliochelewa. "Binti yangu haondoki hapa kwa habari daktari, nzuri dada. Una wazazi?"

"Mama yupo, Mzee. Na baba mdogo."

"Waje kabla hajasafiri. Wakae kwenye viti hivi, tuwaone, watuone. Mambo mengine yatafuata akimaliza mwaka wake na wewe wako. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

Mzee alishtuka kidogo kwa lile neno. Alilionja, hakulikataa.

*

Wakili alimsindikiza Mtesaji kwenda kituo cha basi cha barabara kubwa. Jua lilikuwa bado lipo, watu wanatoka kazini na sokoni, duka la vyombo linaingiza ndoo zake ndani. Walitembea na nafasi katikati yao, kwa mazoea tu, mpaka Mtesaji akasimama ghafla mbele ya kibanda cha fundi saa.

"Mama yangu hajui kitu," alisema. "Nimekuwa nikimwambia niko na mgonjwa mmoja mgumu."

"Kila Jumamosi?"

"Anamwombea sana huyo mgonjwa."

Wakili alicheka mpaka fundi saa akainua kichwa. Mtesaji naye akacheka, akatoa simu, akabonyeza, na kabla Wakili hajaelewa anachofanya alimsikia akisema: shikamoo mama, ndiyo, nimekula, mama kuna mtu nataka uzungumze naye. Halafu simu ikawa mkononi mwake, ya moto, na upande wa pili sauti ya mwanamke asiyemjua ikauliza nani mwenzangu.

Alijitambulisha. Alisema yeye ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho, na kwamba mtoto wake amemkabidhi simu njiani bila maandalizi. Yule mama akauliza swali, Wakili akajibu, akauliza lingine, Wakili akajibu huku uso wake ukizidi kuchanua, na akageuka pembeni ili Mtesaji asisikie. Mtesaji alizunguka upande wa pili. Wakili naye akazunguka. Walizungukana hivyo mbele ya kibanda cha fundi saa kama watoto, mpaka simu ikaisha.

"Amesema nini?"

"Amenialika. Kesho."

"Vizuri. Nitapita nikuchukue saa..."

"Amesema niende peke yangu. Kuna mambo yako anataka kunieleza kabla sijapotea."

"Mambo gani?"

"Hayakuhusu," Wakili akasema.

Na pale barabarani, mbele ya wapita njia, na majirani, na mtu yeyote wa mtaa ule aliyetaka kwenda kusimulia, akamshika mkono, akapachika vidole vyake katikati ya vidole vya mwenzake, wakaendelea kutembea hivyo, wakakipita kituo cha basi, na hakuna kati yao aliyekumbuka kusimama.